Tuambie Habari Zako

Kijana wa Uvira aliyemaliza shule ya sekondari ana lugha nne kinywani, pengine tano. Nyumbani alilelewa kwa Kivira, Kifuliiru au Kibembe. Sokoni na kanisani asema Kiswahili. Darasani alifundishwa kwa Kifaransa. Na kwa kuwa mpaka wa Kavimvira u karibu, Kirundi nacho chamwingia masikioni bila yeye kukitafuta. Mtu wa namna hiyo, angezaliwa Ulaya, angeitwa mtaalamu wa lugha. Kwetu aitwa mtu asiye na kazi. Maana siku alipoitwa mbele ya meza, wale waliomkabili walimwuliza maswali kwa Kiingereza, naye akabaki akitazama viatu vyake.

Kwa ajili hiyo vijana wa parokia yetu walituomba tuwafanyishe mazoezi. Hukutana Jumamosi jioni. Mmoja huketi nyuma ya meza na kuwa bwana wa kazi; mwingine hubisha mlango, huingia, husalimu, hungoja kuambiwa aketi, kisha huulizwa. Wenyewe waliita jambo hili intaviu. Wazazi kadhaa wametuuliza ni nini hasa kinachofanyika mle ndani, kwa kuwa wasikia kicheko kingi na maneno wasiyoyafahamu. Mzee mmoja wa shirika letu alidiriki kusema ya kwamba twawafundisha watoto kujisifu na kusema uongo kwa lugha ya kigeni. Twaona yafaa kueleza.

Kwanza, kwa nini Kiingereza? Wengine wafikiri ni mtindo tu wa siku hizi, kama nguo. Sivyo. Tarehe 30 Novemba 1999 yalitokea mambo mawili kwa siku moja. Huko New York, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa liliunda ujumbe wa kulinda amani katika Kongo, ule ulioitwa MONUC na baadaye, mwaka 2010, MONUSCO. Huko Arusha, marais wa Kenya, Uganda na Tanzania walitia sahihi Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki; na Mkataba ule ulisema ya kwamba lugha rasmi ya Jumuiya ni Kiingereza, na Kiswahili kikuzwe kiwe lugha ya mawasiliano ya watu. Watu wa Uvira siku ile walikuwa katika vita, wala hatudhani ya kwamba yupo aliyeziangalia habari hizo. Lakini zote mbili zilikuwa zatujia.

Ile ya kwanza ilifika upesi. Askari wa Pakistan walikuja kukaa Kivu ya Kusini miaka mingi, nao walihitaji wakalimani. Kijana aliyejua Kiingereza cha kutosha kueleza njia ya Sange au ya Fizi alipata mshahara ambao mwalimu mwenye miaka ishirini ya kazi hakuuota. Wengi walijifunza Kiingereza kwa sababu hiyo, pengine kwa kusimama tu kwenye lango la kambi. Ile ya pili ilikuja polepole. Burundi na Rwanda waliingia katika Jumuiya mwaka 2007. Rwanda ikageuza lugha ya shule kuwa Kiingereza kuanzia mwaka 2008. Burundi ikakifanya Kiingereza kuwa lugha rasmi pamoja na Kirundi na Kifaransa mwaka 2014. Nasi Wakongo tukatia sahihi huko Nairobi tarehe 8 Aprili 2022. Ziwa lenyewe lilikuwa limekwisha kutuambia: ukishuka nalo hadi mwisho wake wa kusini wafika Mpulungu, na Mpulungu ni Zambia, ambako karatasi za forodha huandikwa kwa Kiingereza.

Kazi zenyewe zimepungua, na ni haki wazazi walijue hilo. MONUSCO ilimaliza kuondoka Kivu ya Kusini mwezi wa Juni 2024. Mwaka 2025 serikali ya Marekani ilifunga shirika lake la misaada, USAID, na mashirika mengi yaliyokula katika chungu kile yakawaachisha watu wao. Basi nafasi moja yagombewa na watu mia, na mwenye kuajiri apata kuchagua hata kwa jambo dogo. Ndiyo sababu zoezi limezidi kuwa la lazima.

Kuhusu yule mzee aliyenung'unika juu ya lugha ya kigeni, tulimkumbusha jambo moja tu. Tarehe 18 Agosti 2024, hapahapa Uvira, Kardinali Fridolin Ambongo aliwatangaza wenye heri mashahidi wetu wanne waliouawa Baraka na Fizi tarehe 28 Novemba 1964. Watatu kati yao, Luigi Carrara, Giovanni Didonè na Vittorio Faccin, walikuwa Waitalia, Wamisionari Waksaveri. Hakuna hata mmoja wao aliyezaliwa na Kiswahili. Walikijifunza wakiwa watu wazima, wakakosea mbele ya watoto wa katekisimu, wakachekwa, wakaendelea. Mzee alinyamaza kidogo, kisha akasema, «Lakini wao hawakujifunza ili wapate mshahara, mwalimu.» Jibu lake lilikuwa zuri, nasi hatukulibishia.

Sasa tuje kwenye maswali yenyewe. La kwanza ni lile lile kila mahali: «Tell me about yourself», yaani, tuambie habari zako. Laonekana jepesi kuliko yote, na ndilo linalowaangusha wengi.

Kijana mmoja, mwenye diploma ya Serikali na adabu njema, alianza hivi: jina lake ni fulani, ni mtoto wa tatu katika watoto tisa, baba yake ni mtu wa Makobola, mama yake ni wa Luvungi, babu yake alifanya kazi katika kiwanda cha sukari cha Kiliba, na mjomba wake ndiye aliyemlipia shule baada ya baba kuugua. Dakika mbili zilipita. Yeye mwenyewe alikuwa bado hajafika katika habari zake. Wenzake walicheka, nasi tuliwanyamazisha, kwa kuwa kijana yule hakufanya kosa lolote kwa kadiri ya malezi yake. Kwetu mtoto akikutana na mkubwa njiani haulizwi «Wewe waweza kufanya nini?» Huulizwa «Wewe ni wa nani?» Akishamtaja baba na kijiji, mkubwa ajua la kutosha: ajua kama ni mtu wa nyumba ya amani, ajua nani wa kumwendea akiharibu. Kijana yule alitoa wadhamini wake kwanza, ndipo aje yeye. Kule ndiko kujitambulisha kwa heshima.

Lakini bwana anayeuliza aweza kuwa Nairobi, amuona kijana katika kioo cha simu, na intaneti yetu yakatika kila mara. Ana dakika ishirini. Hajui Makobola iko wapi. Anachotaka ni mtu huyu amesoma nini, amefanya nini, na kwa nini ameitaka kazi hii. Basi twawaambia: sema ulikotoka kwa sentensi moja, kisha uingie katika kazi zako. Wengine walitushauri tuiondoe hata ile sentensi moja. Tumekataa. Mtu asiyetoka popote hatumfahamu, na hatutaki kumzoeza mtoto wa watu kujifanya yatima ili aajiriwe.

Ugumu wenyewe u katika neno «mimi». Katika Kiingereza hicho cha kuomba kazi, kila sentensi yaanza nalo: mimi nilifanya, mimi niliongoza, mimi niliweza. Vijana wetu husema «tulifanya», hata walipokuwa peke yao. Nasi tuandikao hapa kwa «sisi», kama ilivyo desturi, twaijua haya hiyo. Lakini bwana wa kazi hamwajiri «sisi». Akisikia «tulichimba kisima», auliza: na wewe ulishika jembe, au ulishika kalamu, au ulitazama? Ni haki yake kuuliza. Tukagundua njia iliyowasaidia: kila mmoja amsifu kwanza jirani yake. Mseme huyu aliyeketi kushoto kwako, alifanya nini katika kisima kile? Papo hapo maneno yalitiririka. Kisha tukamwambia jirani: haya aliyoyasema juu yako ni kweli? Ni kweli. Basi yarudie, ila mahali pa «yeye» weka «mimi». Walirudia kwa sauti ndogo, lakini walirudia.

Swali jingine ambalo tulilijadili kwa Jumamosi tatu ni lile la udhaifu. Una udhaifu gani mkubwa? Hapo kila mtu alikuja na jibu tayari, alilolitoa katika simu yake, katika orodha za majibu zilizoandikwa na watu wa mbali. Wa kwanza alisema ya kwamba udhaifu wake ni kupenda kila kitu kiwe kamili. Wa pili alisema vivyo hivyo. Tuliwauliza watu kumi na wawili, na tisa walikuwa na udhaifu uleule, kwa maneno yaleyale, hata kwa kosa lilelile la matamshi.

Sisi tuliosoma seminari ndogo hatudharau kujifunza kwa moyo. Tulilelewa kwa maswali na majibu. Katekisimu yauliza, mtoto ajibu, na neno haliongezwi wala halipunguzwi. Na vema iwe hivyo, kwa sababu imani ni moja, na jibu la mtoto wa Kalundu halina haki ya kuachana na jibu la mtoto wa Roma. Katika Kilatini pia tulisema mengi kabla ya kuyaelewa, na kuelewa kukaja nyuma yake kama mkokoteni. Lakini swali la udhaifu halimhusu Mungu wala Kanisa. Lakuhusu wewe. Watu tisa hawawezi kuwa na moyo mmoja. Jibu likiwa moja kwa wote tisa, basi wanane kati yao, kwa uchache, wamesema uongo.

Msichana mmoja mwenye akili kali alitujibu, «Mwalimu, anayeuliza naye ajua ya kwamba twadanganya. Ni mchezo tu. Kwani nikimwambia udhaifu wangu wa kweli atanipa kazi?» Maneno haya tuliyachukua nyumbani tukayafikiri. Ni kweli, bwana wa kazi si padri wa kitubio. Hana mamlaka ya kufungua dhamiri ya mtu, wala hana siri ya kuilinda, wala hana ondoleo la kutoa. Mwombaji hana deni la kumweleza yote. Lakini kutosema yote ni jambo moja, na kusema lisilokuwapo ni jambo jingine. Amri ya Nane hukataza hili la pili, na hilo la kwanza pengine ni busara. Tukawaambia: katika udhaifu wako wa kweli, chagua ule unaoweza kutajwa mbele ya mgeni, na useme wajitahidi vipi kuurekebisha.

Chumba kilikaa kimya. Mwishowe kijana mmoja, fundi wa kompyuta, alisimama akasema kwa Kiingereza cha kukwamakwama ya kwamba yeye aiogopa simu. Ana kwa ana aelewa, kwa kuwa aona midomo ya msemaji. Lakini sauti ikija peke yake, masikio yake hufunga. Kwa hiyo kila siku saa moja jioni asikiliza habari za redio kwa Kiingereza, akiwa amefumba macho. Wenzake walianza kucheka, kisha wakaacha, kwa maana karibu wote walikuwa na udhaifu huohuo, na hakuna aliyekuwa amethubutu kuutaja. Twaona jibu lile lilipita majibu yote tisa ya simu. Alitaja kitu, akataja dawa, na msikilizaji angeweza kumwamini.

Kuna na mitego midogo ambayo wenye Kifaransa huanguka ndani yake. Muuguzi mmoja alieleza ya kwamba alifanya «stage» ya miezi sita katika hospitali. Kwa Kifaransa maana yake alijizoeza kazi. Kwa Kiingereza neno hilo ni jukwaa la michezo ya kuigiza. Msikilizaji alistaajabu hospitali gani hiyo yenye michezo miezi sita. Wengine husema «nina miaka ishirini na saba» neno kwa neno, na Kiingereza hakimiliki miaka hivyo. Chasema mtu «ni» wa miaka hiyo. Na kwa kuwa baadhi yetu ulimi hauchagui kati ya l na r, kijana mmoja alisema ya kwamba jioni husali mpira wa miguu pamoja na marafiki zake. Tulimpongeza kwa ibada hiyo mpya.

Mtego mkubwa zaidi, hata hivyo, watoka katika Kiswahili chenyewe, nasi hatukuona ukiandikwa katika vitabu vya shule tulivyovitumia. Mwulize mtu wetu, «Hujawahi kufanya kazi katika ghala?» Asiyewahi hujibu, «Ndiyo, sijawahi.» Amekubali maneno yako: ulivyosema ndivyo ilivyo. Kifaransa kina neno lake la pekee la kumpinga aliyeuliza kwa kukanusha. Lakini Mwingereza hatazami maneno ya muulizaji, atazama jambo lenyewe: kama hakuna, ni «no», kama lipo, ni «yes». Basi kijana wetu aulizwa kama hajawahi kufanya kazi katika ghala, ajibu «yes», na bwana aandika ya kwamba amewahi, kisha auliza: ghala gani, la nani, lenye shehena gani? Kijana ashangaa, kwa kuwa amekwisha kusema hajawahi. Anyamaza. Bwana naye afikiri amemshika mwongo. Hapo mtu mwaminifu kabisa ameonekana mwongo kwa sababu ya silabi moja! Tumelifanyia zoezi hilo mara nyingi kuliko yote, na dawa tuliyoipata ni kutoishia katika neno moja kamwe: sema «no», kisha umalize sentensi nzima, «sijawahi kufanya kazi katika ghala».

Jambo la macho laweza kusemwa kwa ufupi. Mtoto aliyelelewa vema huinamisha macho mbele ya mkubwa. Wale mabwana huona anaficha kitu. Twawaambia wamtazame muulizaji kati ya macho mawili, juu ya pua. Inawezekana.

Swali lililotugusa zaidi lahusu miaka iliyo wazi. Katika ile karatasi iitwayo sivii, kila mwaka hutakiwa uwe na kazi au shule mbele yake, na palipo pengo, bwana atia kidole: hapa ulikuwa wapi? Kwa mtu wa Geneva pengine alikuwa likizo. Kwa watu wetu pengo lina jina. Wazazi wao walikuwa na pengo la 1996, walipovuka ziwa kwenda Kigoma na kukaa Nyarugusu. Wengine wana pengo la Aprili 2020, mto Mulongwe ulipofurika na kuchukua nyumba. Wengine wana la mwaka 2025, vita vilipofika Bukavu mwezi wa Februari na makumi ya maelfu ya watu wakavuka Ruzizi kuingia Burundi.

Mwanamke kijana mmoja, mwenye digrii ya uchumi wa vijijini, alikuwa miongoni mwa hao. Alilala na mama yake mgonjwa katika uwanja wa mpira wa Rugombo, kisha wakapelekwa katika kambi ya Musenyi. Aliporudi, rafiki alimshauri aandike ya kwamba miezi ile alifanya kazi katika duka la ndugu yake. Karatasi alikuwa amekwisha kuichapa. Alikuja kwetu baada ya zoezi, wenzake walipoondoka, akauliza kama ni dhambi kubwa.

Hatukumjibu juu ya dhambi mara moja. Tulimketisha nyuma ya meza tukamwuliza, kwa Kiingereza, swali ambalo bwana wa kazi angemwuliza: miezi ile ulikuwa ukifanya nini? Alijibu, «Nothing», si kitu. Tukauliza: asubuhi uliamka, ukafanya nini? Akasema alikwenda kupanga mstari wa maji. Ulipanga mstari kwa ajili yako? Hapana, wanawake wa upande ule walimchagua awaandike, kwa sababu walikuwa wakipigana. Aliandika nini? Aliandika kila familia, idadi ya watu, ndoo ngapi, na nani ana mgonjwa. Familia ngapi? Akafikiri. Mwanzoni arobaini, baadaye mia na kumi. Katika daftari? Katika daftari. Daftari hilo liko wapi? Analo nyumbani, katika mfuko wa mama yake.

Tukatazamana. Mtu huyu alikuwa ameendesha ugawaji wa maji kwa familia mia na kumi, katika mahali pa ugomvi, bila mshahara na bila ofisi, naye aliita kazi hiyo «nothing» kwa kuwa hakuna aliyemlipa. Na mahali pake alitaka kuweka duka ambalo halikuwapo. Hapo swali la dhambi lilijimaliza lenyewe, maana uongo ule ulikuwa mdogo kuliko ukweli. Aliandika karatasi upya. Tulifanya naye swali lile mara nane au tisa, hadi aliposema neno «mkimbizi» bila sauti kutetemeka.

Wasomaji watataka kujua kama alipata kazi. Mara ya kwanza hakuipata, walimchukua mwingine. Mara ya pili, miezi mitatu baadaye, alipata mkataba wa miezi sita wa kuandika familia zinazopewa mbegu. Mkataba ule wamalizika, naye atarudi tena mbele ya meza, kama wengine wote. Hatuwezi kumwahidi mtu ya kwamba Kiingereza chema kitamletea mkate. Kuna mahali ambapo kazi huuzwa, nasi tumeona kijana aliyejibu vizuri sana akaambiwa alete fedha. Kuna na jambo baya kuliko hilo. Wasichana watatu, kwa nyakati mbalimbali, walitusimulia juu ya bwana aliyewaambia mahojiano yamekwenda vema, ila sehemu iliyobaki yafanyike jioni, mahali pengine. Kwa hiyo katika mazoezi yetu lipo na swali hilo, na lipo jibu lake. Sentensi ni fupi: nitarudi saa za kazi, pamoja na kaka yangu. Kila msichana huisema kwa Kiingereza, Kifaransa na Kiswahili, akiwa amesimama, na mlango ukiwa wazi. Mama wa familia walioketi nasi siku moja walitaka wafundishwe hata wao.

Swali la miaka mitano ijayo tulitaka kuliruka. Wapi wajiona baada ya miaka mitano? Watu wetu hujibu «Mungu akipenda» na kunyamaza, na nani atawalaumu? Lakini fundi mmoja wa mabomba, kijana mpole, alisema atakuwa na wanafunzi wawili wa kufundisha ufundi wake, kwa sababu mabomba ya maji ya Uvira hayataisha kupasuka wakati wa uhai wake. Jibu hilo lilikuwa na tumaini na lilikuwa na kweli, wala halikumtoa Mungu mahali pake.

Sasa tuko katika swali la mwisho, ambalo bwana wa kazi huuliza akikunja karatasi zake: je, wewe una swali kwetu? Hapa vijana wote husema «hapana, asante», kwa kuwa mtoto haulizi wakubwa. Tumewaeleza ya kwamba kwa mabwana hawa kutouliza ni dalili ya kutojali. Juma lililopita tuliwaomba kila mmoja aandike swali moja ubaoni. Wengi waliandika juu ya mshahara. Mmoja aliandika kama kuna pikipiki. Mmoja aliuliza nani atakayempa maagizo. Na yule mwanamke wa daftari alichukua chaki akaandika, kwa Kiingereza kisicho na kosa hata moja: aliyeifanya kazi hii kabla yangu, amekwenda wapi?